Somo la Robo Hii: Mashine ya Kukausha Samadi, Damu na Mifupa – Tupige Hesabu Kwanza



Katika robo hii tumepokea maandiko mawili ya miradi na barua moja kutoka ng'ambo, yote yakizungumzia jambo moja: mashine ya kukaushia samadi, damu na mifupa ya machinjioni ili kupata mbolea ya kuuza. Mashine inayotajwa katika barua imekwisha kutumika huko ilikotoka, na wenyewe wako tayari kuitoa bure. Usharika unaombwa kugharimia usafiri, ushuru na jengo la kuiweka, na kamati imeshaanza kukusanya michango, wengine wakitoa mahindi na wengine mbuzi. Kwa kuwa michango hiyo inatoka kwa watu wenye mahitaji mengi nyumbani kwao, tumeona somo la robo hii liwe juu ya mashine zenyewe: zinafanya nini, zinakula nini, na zinafaa wapi. Katika Luka 14 Bwana anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Nasi tuketi.

Mashine hizi zinavyofanya kazi

Mashine ya kukaushia samadi kwa kawaida ni pipa refu la chuma lililolazwa kwa mwinamo kidogo, ambalo huzungushwa polepole na mota. Upande mmoja kuna tanuru la dizeli, gesi au kuni linalopuliza hewa ya moto ndani. Samadi mbichi huingia, huinuliwa na vibao vilivyofungwa ndani ya pipa, huanguka katikati ya hewa ya moto, tena na tena, mpaka itokee upande wa pili ikiwa kavu. Hewa inayotoka hubeba vumbi na harufu kali, hivyo lazima kuwe na chombo cha kunasa vumbi kabla ya bomba la moshi.

Damu na mifupa hutumia mashine ya namna nyingine. Hiyo ni sufuria kubwa iliyofungwa, yenye kuta mbili, na mvuke wa boila hupita katikati ya kuta hizo huku makasia yakikoroga ndani. Kwa mifupa na mabaki ya nyama, kanuni inayojulikana zaidi katika nchi za Ulaya ni kuyakata vipande visivyozidi milimita 50, kisha kuyapika kwa mvuke wenye mgandamizo wa baa 3, nyuzi joto 133, kwa dakika 20 bila kukatiza. Mgandamizo huo una sababu nzito, na tutaieleza tutakapofika kwenye kimeta.

Tunachokausha hasa ni maji

Samadi mbichi ya ng'ombe ina maji kama asilimia 80. Tuchukue kilo 100. Ndani yake kuna kilo 20 tu za kitu kikavu. Tukikausha mpaka unyevu ubaki asilimia 12, tutapata kilo 23 hivi, maana yake tumefukuza kilo 77 za maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji joto la megajuli 2.3 hivi, lakini katika mashine joto jingine hupotelea kwenye bomba na kuta, kwa hiyo tuhesabu 3.5. Jumla ni megajuli 270. Lita moja ya dizeli hutoa megajuli 36. Gawanya: lita saba na nusu za dizeli, kabla hatujahesabu umeme wa kuzungusha pipa.

Sasa, katika zile kilo 23 tumepata nini? Hata tukihesabu kwa ukarimu kwamba samadi kavu ina naitrojeni asilimia 2 (na ya ng'ombe wetu wanaolishwa mabua wakati wa kiangazi mara nyingi haifiki hapo), tunapata gramu 400. Kiasi hicho kimo katika urea isiyofika kilo moja. Mwanakamati anayejua bei ya dizeli Katesh au Dongobesh, na bei ya mfuko wa urea, anaweza kumalizia hesabu hii mwenyewe.

Wengine wamesema tutumie kuni badala ya dizeli. Kwa tanuru zuri zitahitajika zaidi ya kilo 25 za kuni kavu ili kupata kilo 23 za samadi kavu. Yaani kuni zinazoingia ni nzito kuliko mbolea inayotoka. Kwa watu wanaokunywa maji yatokayo msitu wa Nou hatuoni haja ya kuongeza neno.

Tena kuna hasara isiyoonekana. Sehemu ya naitrojeni ya samadi, hasa ile inayotoka kwenye mkojo, iko katika hali ya amonia au hugeuka amonia upesi. Hiyo ndiyo harufu inayochoma pua mnapofungua zizi asubuhi. Ukiipulizia hewa ya moto inaruka. Kwa hiyo tungekuwa tunanunua dizeli ili kuifukuza mbolea ipite kwenye bomba.

Kwa nini basi zinatengenezwa?

Mashine hizi hazina kosa. Zinajibu swali la watu wengine. Nchini Uholanzi, kwa mfano, mifugo ni mingi na ardhi ni ndogo, sheria inaweka kikomo cha samadi inayoweza kutiwa shambani, na mfugaji mwenye ziada hulazimika kulipa ili ichukuliwe. Kwake kukausha ni njia ya kupunguza uzito ili samadi isafirishwe mbali, na mara nyingi anakausha mavi ya kuku, ambayo yana maji machache na naitrojeni nyingi, kwa kutumia joto linalotoka kwenye mabanda yenyewe. Machinjio makubwa nayo yana boila tayari na damu nyingi kila siku ambayo sheria hairuhusu imwagwe mtoni. Hapo mashine ni ya lazima.

Sisi swali letu ni jingine. Mkulima wa Kainam au Murray hana samadi ya kutupa. Wairaqw wa huko walilala nyumba moja na mifugo yao tangu zamani, na kabla ya mvua akina mama walibeba samadi vikapuni mpaka mashambani, kwenye miteremko ambayo hata punda hupanda kwa shida. Pamoja na matuta na kilimo cha kubadilisha mazao, samadi hiyo ndiyo iliyowezesha watu wengi kuishi kwenye eneo dogo kwa vizazi vingi. Tatizo la mama huyo ni uzito wa kikapu na naitrojeni inayopotea kabla samadi haijafika shambani.

Kwa tatizo hilo kuna moto wa bure. Samadi ikichanganywa na mabua yaliyokatwakatwa, ikarundikwa kwa kimo cha mita moja na nusu hivi na kugeuzwa, hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 kwa kazi ya vijidudu wenyewe. Joto hilo huua mbegu nyingi za magugu na mayai ya minyoo, na rundo hupungua uzito karibu nusu. Zizi liwe na paa, chini patandikwe mabua yanyonye mkojo, rundo liwe kivulini na lifunikwe kwa nyasi na udongo kidogo. Kuanika samadi juani, kama tunavyoona katika maboma mengi ya Hanang, kunapunguza uzito ni kweli, lakini naitrojeni nayo huondoka. Wenye mitambo ya biogesi ya aina iliyoenezwa na CAMARTEC ya Arusha wana faida zaidi, kwa sababu hupata moto wa jikoni kwanza, kisha tope linalotoka bado ni mbolea.

Damu ni habari nyingine

Hapa tungependa wanakamati wasome polepole, kwa sababu hapa ndipo penye mradi. Damu nayo ina maji kama asilimia 80, lakini unga wake mkavu una naitrojeni asilimia 12 na zaidi. Kilo 100 za damu zitatoa kilo 22 za unga na naitrojeni kilo 2.6, zaidi ya mara sita ya samadi kwa joto lile lile. Tena damu ina tabia njema: ikichemshwa hadi karibu nyuzi 90 huganda na kuyaachia maji mengi, ambayo huchujwa bila kuyageuza mvuke. Kuchemsha tu kunahitaji kama sehemu ya kumi ya joto la kukausha yote kwa mashine. Kazi inayobaki inafanywa na jua na upepo wetu wa kiangazi.

Tuchukue machinjio ya mji mdogo yanayochinja ng'ombe 5 kwa siku, kila mmoja akitoa lita 10 za damu. Kwa siku ni unga kilo 11 hivi. Kwa siku 300 ni kilo 3,300, zenye naitrojeni inayolingana na mifuko 17 ya urea ya kilo 50. Baadhi itapotea na maji ya kuchuja, lakini hata ikibaki mifuko 13 au 14 si kitu cha kudharau kwa kikundi cha akina mama chenye mapipa mawili, jiko sanifu, magunia safi ya kuchujia na kichanja cha waya wenye matundu madogo. Damu ichemshwe siku ile ile iliyokingwa, ikorogwe isiungue, ichujwe, isambazwe kwa unene usiozidi sentimita mbili na ifunikwe kwa chandarua cha kuzuia nzi. Maji ya kuchuja yamwagwe kwenye rundo la mboji. Shambani unga huu ni mkali: utiwe kidogo na ufukiwe, la sivyo mbwa watafukua mahindi yote.

Mzee mmoja wa kanisa ametuuliza kama ni halali kuishughulikia damu namna hii. Swali ni zuri. Tulisoma naye Walawi 17:13, ambapo mwindaji anaagizwa kuimwaga damu ya mnyama na kuifunika kwa mavumbi. Kuirudisha damu ardhini hakuonekani kwenda kinyume na hapo. Pia tukumbuke kwamba kwa ndugu zetu Wabarabaig damu ya ng'ombe ni chakula, hivyo kabla ya kuiita taka mbele yao ni vema kuuliza kwanza.

Mifupa na hatari ya kimeta

Juu ya mifupa msimamo wetu ni wa tahadhari. Kimeta hujulikana katika nyanda za kaskazini, na vimelea vyake hujifunga katika hali inayoweza kudumu udongoni kwa miaka mingi. Kuchemsha kwa kawaida hakutoshi kuviua kwa uhakika. Ndiyo maana viwanda hutumia mvuke wenye mgandamizo. Kwa hiyo mifupa iliyookotwa malishoni, ambayo hakuna ajuaye mnyama alikufa kwa nini, isisagwe kabisa, wala mtoto asitumwe kuikusanya. Hata damu na mifupa ya machinjioni ichukuliwe tu kwa mnyama aliyekaguliwa na kupigwa muhuri. Unga huo pia usilishwe ng'ombe. Uingereza ilijifunza hilo kwa gharama kubwa baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kutambuliwa mwaka 1986, ulioenezwa na chakula chenye unga wa nyama na mifupa.

Isitoshe, tunachotafuta kwenye mifupa ni fosforasi, nayo tunayo jirani. Mwamba wa Minjingu, wilayani Babati, ulitokana na mavi na mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale. Jua na miaka mingi vimekwisha kufanya kazi ambayo sisi tungetaka kununulia mashine, na uchimbaji ulianza mwaka 1983. Mbolea ya Minjingu hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali, na kuichanganya kwenye rundo la samadi huisaidia kuyeyuka. Kwa usharika ulio mkoa huu huu, kinu cha mifupa hakina hesabu.

Neno kwa wafadhili wetu

Marafiki wapendwa, tunashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba mwelewe kwa nini ofisi haijasema ndiyo. Wilaya ya Hanang inazo kumbukumbu za mashine kubwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya NAFCO, ambayo yalifikia saba yenye jumla ya ekari karibu 100,000, yaliendeshwa kwa matrekta na utaalamu kutoka Kanada, juu ya malisho yaliyokuwa ya Wabarabaig. Ngano ilipatikana, na nyingi. Lakini msaada ulipokwisha miaka ya 1990, vipuri na dizeli vikawa mzigo ambao mashamba hayakuweza kuubeba. Mashine ya kukausha iliyotengenezwa kwa umeme wa nguvu kubwa na mafundi wa karibu itatukuta tukiwa na fundi mmoja wa kuchomelea na umeme unaokatika.

Aidha, mbolea ikifungashwa na kuuzwa inaingia chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 na usajili wa TFRA. Kikundi kinachotumia unga wake chenyewe kina safari fupi zaidi.

Kwa hiyo kwa mwaka huu ofisi itapokea maandiko ya miradi ya damu tu, kutoka sharika zilizo karibu na machinjio. Kila andiko liambatane na daftari la siku 30 linaloonyesha ng'ombe waliochinjwa, lita za damu zilizokingwa kila siku, na saini ya mkaguzi wa nyama. Liwepo pia kubali la serikali ya kijiji kuhusu mahali pa kuchemshia, ambapo pawe mbali na visima na upande ambao upepo hauelekei nyumba za watu. Ndoo za kupimia zenye alama za lita zinapatikana ofisini. Sharika mbili zinaweza kutumia ndoo moja kwa kupokezana.