Kutambua Miche ya Kahawa Kabla ya Kuchanua

Mkulima apandaye mibuni hana budi kungoja yapata miaka miwili au mitatu ndipo aone maua na buni za kwanza. Ikiwa amepanda aina isiyolifaa shamba lake, amepoteza fedha, samadi na jasho la miaka hiyo yote. Kwa hiyo yampasa kuitambua miche ingali katika kitalu. Somo hili laeleza aina nne zilimwazo Kenya: SL 28, SL 34, Ruiru 11 na Batian.

Tabia za aina hizi

SL 28 na SL 34 zilichaguliwa Kabete katika miaka ya 1930, katika maabara iliyoitwa Scott. SL 28 huvumilia ukame. SL 34 hupenda nyanda za juu zenye mvua nyingi. Kahawa yake ni ya ladha njema sana, lakini aina zote mbili hushikwa upesi na kutu ya majani, na pia na chulebuni, ugonjwa uozeshao buni changa. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian, iliyotolewa mwaka 2010, zina nguvu ya kushindana na magonjwa hayo. Basi mtu auziwaye SL 34 akidhani ni Batian hatapiga dawa ipasavyo, naye ataziona buni zake zikioza mtini.

Dalili ya kwanza: pingili

Tazama nafasi iliyopo kati ya jozi moja ya majani na jozi ifuatayo. Katika Ruiru 11 nafasi hiyo ni fupi, na mche huonekana mnene, majani yamekaribiana. Aina nyingine tatu ni ndefu, na pingili zake zimeachana. Linganisha miche ya umri mmoja iliyokua mahali pamoja, kwa maana mche uliokosa mwanga hurefuka kupita kiasi.

Dalili ya pili: rangi ya ncha

Tazama majani mawili machanga kabisa yaliyo juu, wala si yale yaliyokomaa, kwani hayo yote ni ya kijani. Ncha za SL 28 kwa kawaida ni za kijani, ingawa michache huwa na rangi ya shaba. Ncha za SL 34 na za Batian ni za rangi ya shaba. Ruiru 11 yaweza kuwa na rangi yoyote ya hizo mbili. Usiihukumu kwa rangi. Tazama miche mingi, usitazame mmoja.

Jambo lisiloonekana kwa macho

SL 34 na Batian zote ni ndefu na zina ncha za shaba. Hapo jicho hushindwa, na shahidi aliyebaki ni kumbukumbu za kitalu: mbegu ilitoka wapi, na lini. Tena, Ruiru 11 ni chotara. Mbegu zilizookotwa chini ya miti yake hazizai watoto wafananao na mama yao.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, pima pingili, tazama ncha, kisha uliza asili ya mbegu. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo la tatu, mwachie miche yake. Majuto ni mjukuu.