Somo: Kware wetu waoge vumbi gani?



Kware haogi maji, anaoga vumbi. Akijigaragaza, vumbi linaingia kati ya manyoya, linapunguza mafuta yaliyozidi na linasaidia kuondoa chawa. Lakini si kila vumbi ni zuri.

VIZURI: Mchanga laini wa mtoni, uoshwe, uanikwe mpaka ukauke kabisa, halafu uchekechwe. Makopo 4 ya mchanga, changanya na kopo 1 la majivu ya kuni yaliyopoa. Majivu yasilowe: yakipata maji yanachoma ngozi.

VIBAYA: Chokaa ya kujengea na simenti (zinachoma macho na mapafu), majivu ya plastiki au ya mbao zenye rangi, unga wa mbao, na udongo wa mahali kuku walikufa kwa ugonjwa.

Wako wanaotia dawa ya kuhifadhi maharagwe ili iue chawa. Hapana! Kware anaimeza wakati anasafisha manyoya kwa mdomo, na sumu inaweza kupita mpaka ndani ya yai. Na yai lile ndilo tunalompa mtoto.

NAMNA YA KUFANYA: Tia vumbi katika beseni fupi, kina cha vidole 3. Liweke asubuhi, liondoe kabla ya saa nane, sababu kware wanataga zaidi mchana na jioni, wasitagie humo. Toa mavi kila siku. Vumbi likilowa, mwaga lote.

Tujadili katika kikundi: mchanga wetu unatoka wapi, na shamba lililo juu ya mto linapulizwa dawa gani?