Nyota Yenye Mkia na Picha za Magazeti ya Kale

Ndugu mmoja wa Dakawa alifiwa na mtoto mchanga mwezi Oktoba 2024, wakati nyota yenye mkia iitwayo Tsuchinshan-ATLAS ilipokuwa ikionekana magharibi baada ya jua kutua. Jirani akamwambia kuwa nyota ile ndiyo iliyomchukua mtoto, na kwa ushahidi akamletea nakala ya picha ya gazeti la Ulaya la mwaka 1858: nyota kubwa juu ya mapaa ya mji, mkia wake umepinda kama jambia. Ndugu huyo akaniuliza: "Sheikh, picha hii yasema kweli?"

Kwanza, tuichunguze picha yenyewe. Nyota ya mwaka ule iligunduliwa na Giovanni Battista Donati mjini Florence, Italia, tarehe 2 Juni 1858. Magazeti ya wakati huo, kama Illustrated London News lililoanzishwa mwaka 1842, hayakuweza kuchapa picha za kamera kurasani. Mchoraji alichora, mafundi wakachonga mchoro huo juu ya vipande vya mti mgumu, kila fundi na chake, kisha vipande vikaunganishwa na kupigwa chapa. Basi sisi tuliofundishwa kuwachunguza wapokezi wa hadithi mmoja mmoja, je, tuipokee picha bila kuuliza nani aliona na nani alichonga?

Tena, wachoraji wengine waliicheka hofu hiyo. Mwaka 1857 uvumi ulienea Ulaya kuwa tarehe 13 Juni nyota yenye mkia ingeiangamiza dunia. Honoré Daumier akauchora woga wa watu wa Paris katika gazeti la Le Charivari. Tarehe ikapita, dunia ikabaki.

Pili, tulitazame lile jambia. Kitu hiki si nyota hasa, bali ni bonge la barafu na vumbi lizungukalo jua. Likikaribia jua, barafu hugeuka mvuke, nao mvuke na vumbi husukumwa upande wa pili, mbali na jua. Hata linapoondoka, mkia hutangulia mbele. Basi jua ndilo liuelekezalo mkia. Hauelekezwi kwenye mji wala nyumba ya mtu. Na nyota ya Donati, iliyochorwa kana kwamba yagusa mapaa, ilikuwa mbali makumi ya mamilioni ya kilomita.

Tatu, tuna mfano ulio bora kuliko yote. Mtume Mtukufu s.a.w. alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 Hijria, jua lilipatwa siku ileile. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya msiba huo. Yeye aliukataa usemi huo hadharani, akafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa au kuzaliwa kwa mtu yeyote. Alimlilia mwanawe, lakini hakuitwika mbingu lawama.

Kurani Tukufu (sura ya 49) yatuamuru kuichunguza habari kabla ya kuifuata, tusije tukajuta. Kwa hiyo nilimjibu ndugu yule: Nyota haikumchukua mwanao. Mwombee, subiri, na umwulize daktari chanzo cha ugonjwa, ili watoto waliobaki wakingwe. Na wewe, ndugu msomaji, itakapoonekana nyingine, mtoe mwanao nje aitazame pasipo hofu, na umsifu Muumba wake.