Daktari Asiyetibu Wagonjwa

Wenzangu wengi wakisikia kwamba mtu anasomea udaktari, hudhani atashika sindano. Lakini uko udaktari mwingine, wa mtafiti. Huyu amekwisha pata digrii ya kwanza, kisha hukaa miaka mitatu au zaidi na swali moja ambalo hakuna kitabu kilichokwisha lijibu. Hapigiwi kengele ya vipindi. Anaye msimamizi wa kumwongoza, ana chumba cha majaribio, na mara nyingi hupewa posho. Mwishoni huandika tasnifu na kuulizwa maswali na wataalamu. Kwa kweli ni mwanagenzi.

Tutazame mfano mmoja. Peter Mansfield alizaliwa London mwaka 1933. Aliacha shule akiwa na miaka 15. Alipomweleza mshauri wa kazi kwamba apenda sayansi, aliambiwa haimfai. Basi akaenda kufanya kazi kwa wapiga chapa. Lakini hakutupa vitabu; alisoma baada ya saa za kazi, na mwaka 1959 akapata digrii ya fizikia katika Queen Mary College. Hapo hapo mwalimu wake akampa nafasi ya utafiti. Ilimbidi kwanza aunde chombo chake mwenyewe, ndipo aanze kupima. Mwaka 1962 akawa daktari.

Sasa tuone elimu hiyo ilileta nini. Sehemu kubwa ya mwili ni maji, na ndani ya maji mna hidrojeni. Kiini cha atomu ya hidrojeni ni kama sumaku ndogo mno. Mtu akilazwa ndani ya sumaku kubwa, viini hivyo hujipanga. Vikipigwa na mawimbi ya redio huyumba, kisha hutoa ishara. Mwaka 1973 Paul Lauterbur wa Marekani alionyesha kwamba nguvu ya sumaku ikizidi upande mmoja kuliko mwingine, twaweza kujua kila ishara yatoka wapi, tukapata picha. Mansfield alitafuta hesabu za kuipata picha hiyo upesi. Mwaka 1978 aliingia mwenyewe katika mashine, ingawa alikuwa ameonywa kwamba huenda ikawa hatari. Akatoka salama.

Mwaka 2003 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, wala hawakuwa matabibu. Leo daktari wa hospitali huuona ubongo wa mgonjwa bila kisu wala eksirei.

Basi, ndugu uliyeanguka mtihani, usichome madaftari yako. Nawe utakayetafuta nafasi ya utafiti, uliza mambo matatu: swali ni lipi, nani atakusimamia, na utakula nini miaka yote hiyo. Nanyi kaka zetu mliotutangulia, kama yuko mmoja wenu aliyeipita njia hii, twamwomba atuandikie.