Sauti ya Gitaa la Besi Kati ya Wimbo na Wimbo
(Somo kwa wapigaji wa vyombo)

Somo la mwezi huu lahusu gitaa la besi, na hasa jinsi ya kuigeuza sauti yake kati ya wimbo na wimbo. Katika ibada moja ya Jumapili mpigaji hutakiwa kuushika wimbo wa toba, kisha wimbo wa kwaya wenye mwendo wa haraka, kisha wimbo wa sadaka, na pengine alasiri ya siku iyo hiyo aitwe kwenye mazishi. Akitumia sauti ile ile kwa zote, mahali pamoja itafaa, na mahali pengine itawazuia watu wasiimbe. Neno hili si dogo. Bibi mzee aliyeujua wimbo kwa moyo tangu utoto wake, asiposikia maneno ya jirani yake kwa sababu ya ngurumo ya besi, hunyamaza. Na akinyamaza yeye, benchi zima hunyamaza.

Kwanza tujue sauti hii ni nini. Uzi mnene wa gitaa la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Walakini hautoi sauti hiyo peke yake. Pamoja nayo hutoka nyingine za juu yake, za mitikisiko 82, 123, 164 na kuendelea, nalo sikio huzipokea zote kuwa sauti moja. Ile ya chini ndiyo itiayo uzito. Zile za juu ndizo zimwezeshazo mwimbaji kutambua ni noti gani ipigwayo. Spika ndogo haiwezi kuitoa vema mitikisiko 41, lakini sikio likisikia 82 na 123 hujijazia lenyewe ile iliyopungua. Basi kuigeuza sauti ya gitaa ni kukigeuza kipimo cha hizi na zile. Ndiyo maana mtu aongezaye besi tu, kila aonapo kwamba hasikiki, hujichosha bure: watu wausikia ukuta ukitetemeka, na noti hawaijui.

Kabla ya kununua pedali, tumia ulivyo navyo. Uzi ukipigwa karibu na shingo ya gitaa, sauti huwa nene na laini. Ukipigwa karibu na daraja, yaani pale nyuzi zishikwapo upande wa chini, sauti za juu huzidi, nayo huwa kavu na ngumu. Tena kuna kile kifundo cha kuzungusha kiitwacho toni. Katika gitaa lisilo na betri kifundo hicho hakiongezi kitu, hupunguza tu, maana kapasita iliyo ndani huzipeleka sauti za juu ardhini zipotee. James Jamerson wa Detroit, Marekani, aliyepiga besi katika santuri nyingi za Motown miaka ya 1960, hakuhitaji pedali hata moja. Alipiga kwa kidole kimoja, kwa nyuzi zilizozungushiwa waya bapa, na chini ya nyuzi karibu na daraja palikuwa na kipande cha sponji, ili noti iwe fupi isivume. Katika kanisa la kuta za saruji na paa la bati, kipande cha sponji ya kuoshea vyombo kitakusaidia kuliko vitu vingi viuzwavyo dukani kwa bei kubwa.

Sasa pedali. Kwa kazi ya ibada zatosha mbili. Ya kwanza ni ile ya kulinganishia nyuzi, nayo iwekwe mwanzo, gitaa liingie humo kabla ya pengine popote. Ikikanyagwa huikata sauti isifike kwenye amplifaya, basi mpigaji aweza kulinganisha nyuzi zake wakati wa matangazo bila mtu kusikia. Ya pili ni ekwalaiza, yenye vijiti vidogo vya kusukumwa juu na chini, kila kimoja kikitawala sehemu yake ya sauti. Ile iitwayo Boss GEB-7 ina saba vya namna hiyo, kuanzia hezi 50 hata 10,000, nacho kila kimoja hupanda au kushuka desibeli 15. Kando yake mna kimoja zaidi cha ukubwa wa sauti yote. Atakaye kuongeza kompresa, izuiayo noti kali zisiruke kupita zilizo dhaifu, aiweke kati ya hizo mbili. Pedali ya kukwaruza sauti sina neno nayo kwenye tamasha la vijana, ila ibadani sijaiona kazi yake.

Usijitafutie sauti kumi. Ziwe mbili: ekwalaiza ikizimwa, sauti ya nyimbo za kitabu, ikiwashwa, sauti ya nyimbo za haraka za kwaya. Anza ikiwa imezimwa, uirekebishe amplifaya mpaka wimbo wa taratibu usikike vema na waimbaji wasifunikwe. Kisha iwashe. Shusha kijiti cha 120 desibeli tatu au nne, na vile vya 500 na 800 uvipandishe kwa kiasi hicho, nawe utasikia noti za haraka zikitengana moja moja. Cha 50 usikipandishe. Kuongeza desibeli 6 ni kuidai amplifaya nguvu mara nne, na desibeli 10 ni mara kumi; hivyo ndivyo spika zipasukavyo.

Kisha jambo lisahauliwalo na wengi: kiweke kijiti cha ukubwa hata kuwasha na kuzima kusiongeze wala kusipunguze wingi wa sauti. Sikio hudanganyika upesi. Sauti iliyo kubwa kidogo tu huonekana kuwa ndiyo nzuri. Afadhali mwenzako akae benchi la nyuma akuambie. Hata hivyo kumbuka kwamba Jumamosi kanisa ni tupu. Jumapili miili na nguo za watu humeza sauti za juu zaidi, na ule mvumo wa chini hubaki karibu vile vile. Basi besi iliyokuwa kiasi jana, leo itaonekana nzito. Ipunguze mapema.

Kazi hii si ngeni kwa Walutheri. Mpiga kinanda cha mabomba naye huzigeuza sauti kati ya wimbo na wimbo kwa kuvuta na kusukuma vishikio, na kwa miguu hupiga mabomba ya urefu wa futi 16, ambayo noti yao ya chini ina mitikisiko kama 33, chini ya uzi wetu mnene. Mwaka 1706, huko Arnstadt katika Ujerumani, baraza la kanisa lilimwita Johann Sebastian Bach, kijana wa miaka 20, likamkemea kwa kuwa alichanganya sauti nyingi za kigeni katika nyimbo hata washarika wakatatizika. Kama Bach aliambiwa, nasi wazee wa usharika wakituambia tusinune.

Sasa wimbo umekwisha. Zuia nyuzi kwa kiganja, zisiendelee kulia. Kanyaga pedali ya kulinganishia, kisha ekwalaiza kama wimbo ufuatao wataka hivyo, kisha uisikilize sala. Utakapotajwa wimbo, ifungulie sauti. Usiiname kuvigusa vijiti vya ekwalaiza mbele ya watu. Mahali pao pawekewe alama kwa kalamu siku ya mazoezi, na katika orodha ya nyimbo andika kando ya kila mmoja kama pedali yawashwa au yazimwa, na kama mkono upige shingoni au darajani.

Pedali hizi hutumia umeme wa volti 9. Mahali ambapo umeme hukatika, betri ni ya lazima, hata kama amplifaya itangoja jenereta. Nayo katika pedali nyingi huanza kuliwa mara waya wa gitaa uchomekwapo, ijapokuwa taa haiwaki. Kwa hiyo, baada ya baraka, uchomoe waya kwanza ndipo uwasalimu watu.