SOMO KWA MAKATIBU: Kiendelezi cha Nywila Kilichopitwa na Wakati

Zamani mali ya chama ilikaa katika sanduku la chuma lenye makufuli mawili. Ufunguo mmoja ulikuwa kwa mweka hazina na wa pili kwa katibu, na sanduku halikufunguka mpaka wote wawili wamefika. Siku hizi fedha za wanachama zimo katika akaunti ya benki inayofunguliwa kwa intaneti, hesabu zimo katika kompyuta, na taarifa za chama hupelekwa kwa Mrajis kupitia MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Kila mlango una nywila yake. Katibu wa chama cha akiba na mikopo cha Ubungo, mwenye ofisi ya chumba kimoja na kompyuta moja inayotumiwa na watu watatu, aweza kuwa na nywila kumi na tano za kukumbuka.

Ndiyo maana makatibu wengi wametumia kitunza nywila. Hii ni programu inayoweka nywila zote katika hazina moja iliyofungwa kwa maandishi ya siri, na hazina hiyo hufunguliwa kwa nywila kuu. Sehemu yake inayoonekana kila siku ni kiendelezi, yaani kipande kidogo cha programu kinachopachikwa kwenye kivinjari ili kijaze nywila mahali panapohusika. Jambo hili ni jema, tena ni bora mara nyingi kuliko daftari lililo wazi mezani au nywila moja kutumika kila mahali. Lakini kiendelezi hicho hukaa kati ya hazina ya chama na kila ukurasa unaofunguliwa. Kikiwa na kasoro, kasoro hiyo ipo mlangoni penyewe.

Mfano halisi ulitokea mwaka 2019. Mtafiti wa usalama wa Google, Tavis Ormandy, aligundua kasoro katika kiendelezi cha LastPass. Ukurasa wa hila uliweza kukidanganya kiendelezi hicho kitoe nywila ambayo mtumiaji alikuwa ameijaza mara ya mwisho katika tovuti nyingine. Mathalani, mtu aliyetoka kufungua akaunti ya benki, kisha akashawishiwa kubofya mahali fulani katika ukurasa huo, angeweza kupokonywa nywila ya benki. Kampuni ilirekebisha kasoro katika toleo 4.33.0, na habari zikatangazwa Septemba mwaka huo. Tangu siku hiyo aliyekuwa na toleo jipya alikuwa salama. Aliyebaki na toleo la zamani alikuwa katika hatari kubwa kuliko awali, kwa kuwa sasa kila mwizi alikwisha kusoma jinsi ya kuingia.

Yafaa kuuliza kwa nini kiendelezi kizeeke, ilhali kwa kawaida hujisasisha chenyewe. Sababu ya kwanza ni matumizi ya ofisi ndogo: kompyuta huwashwa kwa saa moja, intaneti ni ya kifurushi cha simu ya katibu, na kivinjari hufungwa kabla kazi ya kusasisha haijakamilika. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kompyuta nyingi za vyama zilinunuliwa zikiwa zimetumika, na baadhi zina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Kivinjari cha Chrome kilikoma kwenye Windows 7 kwa toleo 109, mwanzoni mwa 2023. Kiendelezi kipya kikihitaji kivinjari kipya zaidi, hakitaingia humo hata katibu akibofya kutwa nzima. Kuna na sababu ya tatu: tangu mwaka 2024 Google ilianza kuzima viendelezi vilivyotengenezwa kwa utaratibu wa zamani, uitwao Manifest V2. Hivyo katibu aweza kufika asubuhi akute kitunza nywila chake kimezimwa, naye hakugusa kitu.

Hapo ndipo makosa makubwa hufanyika. Katibu, au fundi aliyeitwa kwa haraka, hukiondoa kiendelezi ili akipachike upya. Kwa vitunza nywila vinavyoweka hazina katika mitambo ya kampuni, kuondoa kiendelezi hakufuti hazina. Lakini mtu asiyekumbuka nywila kuu, kwa sababu kivinjari kilimkumbukia miaka yote, atabaki nje. Kwa vile vinavyoweka hazina ndani ya kompyuta yenyewe, kila kitu chaweza kupotea. Kwa hiyo kabla ya kuondoa chochote, nywila kuu haina budi kujaribiwa kwa kufungua hazina katika simu au kompyuta nyingine inayoaminika. Ikifunguka, kazi iendelee. Isipofunguka, kiendelezi kisiguswe. Nywila za benki na za MUVU zipatikane kwanza kwa njia nyingine.

Kutazama toleo ni rahisi. Katika Chrome huandikwa chrome://extensions pale panapoandikwa anwani, kisha hufunguliwa maelezo ya kiendelezi, na namba ya toleo huonekana. Ukiwashwa mtindo wa msanidi programu, hutokea kitufe cha kusasisha viendelezi vyote. Katika Firefox huandikwa about:addons. Namba hiyo ilinganishwe na ile iliyo katika duka rasmi la kivinjari, ambako kiendelezi hufikiwa kwa kiungo kilicho katika tovuti ya mtengenezaji.

Tahadhari moja hapa: dirisha linalojitokeza katikati ya ukurasa likisema kitunza nywila kimepitwa na wakati, likitaka kupakuliwa faili, lifungwe mara moja. Wala duka rasmi si kinga kamili. Desemba 2024 wahalifu walimlaghai mfanyakazi wa kampuni ya Cyberhaven, wakapata idhini ya kuchapisha kiendelezi chake, wakatoa toleo lenye sumu ambalo lilienea kwa njia hiyo hiyo ya kusasisha. Lilidumu kama siku moja tu kabla ya kuondolewa. Tukio hilo si hoja ya kuacha kusasisha. Ni hoja ya kuwa na viendelezi vichache, na akaunti ya benki kuwa na hatua ya pili ya uthibitisho ambayo haimo katika hazina hiyo hiyo.

Chama kinachoamua kuhamia kitunza nywila kingine huzitoa nywila zote katika faili. Mara nyingi faili hiyo husomeka wazi kama barua. Isitumwe kwa WhatsApp wala barua pepe, isibaki kwenye diski ya kuchomeka, na ikishatumika ifutwe hata katika pipa la taka la kompyuta.

Mwaka 2022 wezi walinakili hazina za wateja wa LastPass. Walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi mmoja kati ya wanne waliokuwa na funguo zilizohitajika, na mlango wao ulikuwa programu ya Plex ambayo hakuisasisha, ingawa marekebisho yalitolewa Mei 2020. Nywila ndani ya hazina zilifungwa kwa siri, ila anwani za tovuti zilisomeka. Wenye nywila kuu fupi, au akaunti za zamani ambazo mipangilio yake ya ulinzi haikupandishwa, ndio waliokuwa hatarini zaidi. Toleo jipya la kiendelezi, basi, halitoshi endapo nywila kuu ni jina la chama na mwaka wa kuandikishwa.

Hazina ya nywila iwe ya chama, wala si ya katibu binafsi. Katibu akistaafu au akifariki na hazina ikiwa katika barua pepe yake, wanachama watasubiri mikopo huku bodi ikizunguka benki na hati za kuthibitisha. Nywila kuu iandikwe, ifungwe katika bahasha yenye sahihi mbili, iwekwe sandukuni, na kumbukumbu za bodi zionyeshe tarehe. Taarifa za wanachama nazo zalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Maswali ya kikundi: Kompyuta ya chama ina Windows ya toleo gani, na kivinjari chake ni cha namba ngapi? Nani, mbali na katibu, aweza kuifungua hazina ya nywila leo jioni? Kama kompyuta hiyo haiwezi kupokea kivinjari kipya, ni fungu lipi la makisio litakalonunua nyingine, na hadi hapo kazi za benki zitafanyiwa wapi?