"Kisasa" ni nini?

Miaka michache iliyopita tulikaa kikao cha ukoo nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa Kwihara, kuamua hatima ya tembe aliyoiacha babu. Vijana waliotoka Dar es Salaam walikuwa na hoja moja tu: ibomolewe, ijengwe nyumba ya kisasa. Nami, mwalimu wa lugha, nikaafiki. Mjomba, ambaye ndiye anayeishi humo, akanigeukia: "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi. Kisasa maana yake nini?"

Nilibabaika. Nyumbani nikalichambua neno.

"Sasa" asili yake ni Kiarabu, as-saa'a, saa hii tuliyo nayo. (Msomaji wa Qur'an anajua kuwa neno hilo hilo hutajwa kwa maana ya Kiyama.) Kisasa ni kwa namna ya saa hii, basi. Hata "modern" ya Waingereza inatokana na Kilatini modo, yaani sasa hivi. Nao Waarabu kitu kipya hukiita hadith, kinyume cha qadim. Lugha zote tatu zinataja wakati. Uzuri tumeuongeza sisi.

Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, walipokewa na wafanyabiashara Waarabu waliokaa katika tembe pana, zenye kuta nene za udongo na ubaridi ndani. Katika njia nzima ya misafara, kisasa kilikuwa hicho. Mwaka 1912 ikafika reli ya Wajerumani, yenye upana wa mita moja, na kazi ya wapagazi ikafifia. Desemba 2021 ukatiwa saini mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora cha hiyo tunayoiita "reli ya kisasa". Je, ile ya 1912 ilipoingia haikuwa ya kisasa? Kinachoitofautisha hii mpya ni upana wake wa milimita 1,435 na umeme unaoiendesha, na hayo jina halituambii.

Kikao cha pili nilimwomba kila kijana aseme anataka nini, bila kutumia neno lile. Wakataja choo cha ndani, maji ya bomba, umeme, paa lisilovuja. Hakuna aliyetaja kuta.

Paa limeshabadilishwa, choo kinatumika. Binamu yangu huiita "tembe ya kisasa", na mjomba hucheka kila anapolisikia.